Ushauri: namsindikiza rafiki yangu kupeleka majivu ya babake Prayagraj, India

MwanaKibokoni

Hamjambo nyote. Namtafuta mtu aliyewahi kufika Prayagraj, ule mji wa India uliokuwa ukiitwa Allahabad mpaka 2018, pale mito Ganga na Yamuna inapokutana.

Jirani yetu wa miaka mingi hapa Mombasa, mzee wa Kihindi, ametangulia mbele ya haki. Duka lake la vitambaa lilikuwa Biashara Street, ukuta mmoja na duka la marehemu baba yangu. Baba alipofariki, mzee huyu alifunga duka lake akaja kuketi matangani na wanaume wa mtaa mpaka siku ya mwisho, kisha karo ya mdogo wangu akailipa yeye, na sisi tukaja kujua baadaye sana. Alichomwa hapahapa Mombasa kwa desturi yao. Sehemu ya majivu imetiwa baharini, lakini aliacha neno kwamba mengine yapelekwe Sangam, yaani hapo mito inapokutana, kama yeye alivyoyapeleka ya babake.

Ana mtoto mmoja tu, binti, ambaye tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Mamake ameshapita miaka 70, magoti yamsumbua, lakini hataki kuachwa nyuma. Binti hana kaka wala mume, na binamu zake wako Leicester, Uingereza, kila mmoja na kazi zake. Wameniomba niende nao na nimekubali.

Sasa nisaidieni. Twende Novemba, au tungoje Januari wakati wa ile sherehe kubwa ya kuoga mtoni? Yuko mtu hapa anayejua njia nyepesi kwa mama mwenye magoti mabovu? Mimi ni Mwislamu na navaa buibui: nitafika mtoni pamoja nao au nitaambiwa nibaki nje? Na binti anaweza kuifanya ibada ya babake yeye mwenyewe? Nasikia pia kwamba makuhani wa pale huwakaba wageni kwa pesa. Nataka mama wa watu amalize jambo lake kwa utulivu.

Kutchi_wa_Makupa

Pole sana dadangu, na uwafikishie pole zangu hao wawili. Mimi ni Mhindi wa Mombasa, na majivu ya mama yangu niliyapeleka hapo hapo. Nitaandika kirefu kwa sababu nilipokuwa nikijiandaa sikupata wa kuniambia.

Kabla hamjanunua tiketi, rafikiyo aketi na mamake na daftari. Aandike jina la babu upande wa baba, la baba wa babu, mbele zaidi kama mama anakumbuka, kisha ukoo wao na kijiji walichotoka kule Kutch au kwingine katika jimbo la Gujarat. Kijiji ndicho muhimu kuliko yote. Makuhani wenyeji wa Prayag wanaitwa Prayagwal, na wengi huwaita panda tu. Wamegawana India nzima kwa majimbo, wilaya na vijiji, na kila nyumba ya panda hupokea watu wa kwao, mtoto kwa baba. Kila mmoja ana bendera yenye alama yake kwenye mlingoti mrefu, huyu samaki, yule tembo, ili hata asiyejua kusoma ampate. Ukifika unauliza panda wa watu wa Kutch ni nani, unataja kijiji, unaelekezwa.

Ukimpata anafungua bahi. Hayo ni madaftari marefu yenye jalada la kitambaa, na ndani mna majina ya kila aliyekuja, alikuja na nani, alimleta nani. Mimi nilisomewa jina la babu yangu, halafu nikaonyeshwa mstari alioandika kwa mkono wake, kwa Kigujarati. Nililia mbele ya watu nisiowajua na sikuona haya. Marehemu wenu alimpeleka babake, kwa hiyo huenda mwandiko wake upo. Na binti ataandika wake chini yake. Kwa hilo peke yake ningewaambia msikubali panda yeyote anayewadaka stesheni. Tafuteni wenu.

Pesa: mkubaliane nchi kavu, kabla mguu haujaingia botini. Taja kila kitu kwa jina: ibada, maua, maziwa, vidonge vya unga na ufuta vinavyotolewa kwa wazee waliotangulia, na boti kwenda na kurudi. Uliza jumla ni ngapi, na mama asikie. Shida huanza katikati ya mto. Mtu anaongeza sadaka ya ng'ombe, sadaka ya dhahabu, na familia iliyo na majivu mkononi haiwezi kubishana. Hapo kazi yako dadangu ni kusema kwa upole kwamba mmeshamalizana na panda wenu, basi. Rafikiyo hataweza kulisema saa hiyo. Wewe utaweza.

Na binti kufanya ibada: zamani ilikuwa mtoto wa kiume, na wapo panda wanaoshikilia hivyo hadi leo. Lakini mambo yamebadilika. Atal Bihari Vajpayee, aliyekuwa Waziri Mkuu wa India, alipofariki 2018 aliyewasha moto ni binti yake wa kulea, na taifa zima likaona. Ulizeni mwanzo kabisa. Akisita, shukuruni na mwende kwa mwingine. Asipangiwe mwanamume wa kukodi wa kumshikia majivu ya babake.

SomaLucknow

Mimi ni Mtanzania, nasoma Lucknow, mwendo wa kilomita 200 hivi kutoka Prayagraj. Nimefika hapo majira tofauti na nakusihi uende Novemba.

Januari na Februari kuna Magh Mela, ile sherehe ya kuoga mtoni, kila mwaka. Kwenye ule mchanga mkubwa kando ya mto hujengwa mji wa mahema, na kuna waumini wanaokaa humo mwezi mzima wakila mlo mmoja kwa siku na kuoga alfajiri kwenye baridi. Ukiwa kijana na huna haraka, ni jambo la kuliona. Kila miaka 12 ndipo inakuwa Kumbh yenyewe, ile mela kubwa kuliko zote. Ile ya 2025 ilianza 13 Januari hadi 26 Februari, na serikali ilitangaza hesabu ya zaidi ya watu milioni 600 walioingia majini. Alfajiri ya 29 Januari, siku kuu ya kuoga, watu walikanyagana na wasiopungua 30 wakafa kwa hesabu ya serikali. Wiki chache baadaye watu 18 wakafa katika msongamano stesheni ya New Delhi, wengi wao wakielekea huko huko. Magh Mela ya kawaida si kubwa hivyo, lakini siku zake kuu barabara hufungwa mbali na mto na watu hutembea kilomita kadhaa. Mama wa magoti hatembei hizo. Isitoshe, kuanzia mwisho wa Desemba ukungu hushuka mpaka treni zinachelewa nusu siku.

Novemba mvua zimeshakwisha, maji yametulia, mchana jua si kali na asubuhi mnahitaji sweta. Kwa majivu hamhitaji kungoja sherehe. Watu hupeleka mwaka mzima, isipokuwa mto ukifurika kati ya Julai na Septemba boti husimamishwa.

Njia: Nairobi kwenda Mumbai kuna ndege ya moja kwa moja, saa sita hivi. Kutoka Mumbai mpande ndege ya ndani hadi Prayagraj kwenyewe au Varanasi. Varanasi ni kilomita kama 120, mnakodi gari. Treni ya Mumbai ni safari ya siku nzima na zaidi. Mimi naipenda, lakini mama simshauri. Mkilazimika kupanda, ombeni kitanda cha chini na mwangalie vizuri tiketi imeandika stesheni gani, maana Prayagraj ina stesheni kadhaa. Junction ndiyo kubwa. Chheoki iko ng'ambo ya Yamuna, na wageni hushushwa huko usiku wakidhani wamefika mjini.

Jambo moja la hoteli. Kila hoteli inayolaza mgeni wa kigeni lazima ipeleke taarifa zake serikalini, na hoteli ndogo nyingi hazitaki shughuli hiyo, kwa hiyo hukataa pasipoti za nje hata kama umeshalipia. Piga simu mapema, waambie wazi ninyi ni Wakenya watatu, upate jibu kwa maandishi.

Abuu_Shela

Dada, nakwambia kwa mapenzi ya ndugu. Kusaidia jirani ni jambo kubwa katika dini yetu. Lakini huko ni ibada ya watu wengine, yenye sala na sadaka kwa mizimu ya mito. Tusaidie kwa pesa, tusaidie kwa dua ya subira kwa waliobaki. Kwenda kusimama ndani ya ibada yenyewe, mimi naogopa kwa ajili yako. Muulize shekhe wako kwanza.

BiZuhura_Mjikale

Abuu mwanangu, neno lako nimelisikia na si baya, mtu hukatazwa na anayempenda. Nami namwambia Mwana amuulize mwalimu wake, ili atoke nyumbani moyo ukiwa mweupe.

Lakini na mimi nina umri, na huyo mzee wa Biashara Street nadhani namjua. Mtu alipokufa hapa Mji wa Kale, yeye alisimama nje ya msikiti na viatu mkononi mpaka jeneza litoke, kisha akafuata hadi makaburini. Hakuswali. Hakuna aliyemtaka aswali. Alikuja kwa sababu ya maiti na kwa sababu ya wafiwa. Mwana naye hatatumbukia mtoni kuoga dhambi. Atamshika mama mkono, atabeba mkoba, atahesabu pesa, ataketi upande mmoja wa boti wakati mwenzake yuwafanya lake. Mama mjane na bintiye yatima waende peke yao nchi ya mbali, kisha sisi tuseme tulikuwa majirani?

Mwanangu Mwana, nenda na nguo za heshima, kibla ukitafute mapema, na swala zako uzishike huko huko safarini.

SomaLucknow

Shikamoo Bi Zuhura. Niongeze kuhusu buibui, maana hilo aliuliza.

Sangam hakuna anayekuuliza dini. Ni ukingo wa mto, watu wa kila namna hupanda boti, watalii kwa waumini. Mji wenyewe una Waislamu wengi. Ukienda Chowk, sokoni, utaona mabuibui kila hatua na utasikia adhana. Usiku ule wa maafa ya Januari 2025, maelfu walipokwama barabarani kwenye baridi, Waislamu wa mjini walifungua misikiti, shule na nyumba zao, wakawapa mahujaji chai, chakula na mablanketi. Magazeti ya India yaliandika sana habari hiyo, na wenyeji bado wanaizungumza.

Siwezi kukuficha kwamba siasa za dini ziko juu katika jimbo la Uttar Pradesh, na siku za mela hali huwa nyeti zaidi. Novemba siku ya kawaida sitarajii ukutane na neno. Wasichana wengi wa Kiislamu tunaosoma nao huvaa suruali pana, kanzu ndefu na mtandio kichwani wakisafiri, vazi ambalo kule halimtambulishi mtu dini yake. Ukiona raha na buibui lako, vaa lako.

NesiTabora

Mimi naangalia afya tu. Kenya iko katika nchi ambazo India inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na wanaweza kumweka mtu karantini akifika bila cheti. Chanjo inatakiwa iwe imepita siku 10 kabla ya safari. Mama aliyezidi miaka 60 asichomwe hivi hivi, chanjo hiyo ina tahadhari zake kwa wazee. Amwone daktari, na kama haimfai apewe barua rasmi ya msamaha, na mwulize ubalozi kama barua hiyo itakubaliwa.

Maji ya mto yasiingie mdomoni. Najua ni maji matakatifu kwa wenyewe na sisemi kwa dharau. Februari 2025 bodi kuu ya India inayosimamia uchafuzi iliripoti kwamba vijidudu vya kinyesi katika sehemu za kuoga vilizidi kiwango kinachoruhusiwa, ambacho ni 2,500 kwa mililita 100. Serikali ya jimbo ilipinga. Mimi nilihudumia wagonjwa wa kuhara muda mrefu na nasema mama mwenye miaka hiyo asiyanywe. Je, Kutchi, kidini lazima anywe na kuzama?

Kutchi_wa_Makupa

Si lazima, dada nesi. Kuchovya kiganja na kujipaka kichwani kunatosha kwa mgonjwa na mzee, na panda mwenye utu atamwambia hivyo mwenyewe. Wengi hurudi nyumbani na maji kidogo kwenye chombo, si kwa kunywa, ni kwa kuweka mahali pa ibada.

Kuhusu magoti: mashua huondokea karibu na ngome ya Mfalme Akbar, ile iliyojengwa 1583, ukingoni mwa Yamuna. Kuna ngazi, na ukingo wenyewe unabadilika kila mwaka kutegemea mto umeacha mchanga wapi. Kodini mashua nzima ili mkae kwa nafasi, msichangie na kundi. Mwambie mwenye mashua, kabla ya bei, kwamba yuko mama wa kushikwa mkono. Wale ni watu wa jamii ya Nishad, mto ni wao tangu mababu, na ukimpa mtu heshima yake atambeba mama kama mamake. Pale mito inapokutana kuna majukwaa ya mbao yaliyofungwa kwenye mashua, mtu anashuka humo na maji yanamfika kifuani au kiunoni. Mama abaki ameketi.

Mtaona rangi mbili. Yamuna inakuja ya kijani, yenye kina, Ganga ya udongo na ya mbio, na mstari upo kweli, unauvuka na mashua. Mto wa tatu, Saraswati, hauonekani kwa macho. Sisi tunaamini upo chini. Mahali hapo hapo ndipo yalipotiwa majivu ya Gandhi, 12 Februari 1948, na baadaye ya Nehru, Waziri Mkuu wa kwanza wa India, mwana wa mji huo. Mwambieni mama hilo mkiwa njiani. Mama yangu mdogo lilimpa nguvu sana kujua dadake amelazwa nao.

MwanaKibokoni

Nashindwa niwashukuru vipi. Bi Zuhura, nimesoma maneno yako nikalia, ndiye huyo huyo mzee. Abuu, nilimwendea mwalimu wangu jana baada ya magharibi. Aliniuliza nitafanya nini mtoni, nikamweleza, akasema niende kama jirani, nisishiriki ibada, nirudi salama. Nimetulia.

Kutchi, nimebakiwa na moja linalonitia hofu: majivu yenyewe. Ndegeni yanabebwa vipi? Na hotelini tunayaweka wapi? Mama anasema ndani ya nyumba ya mtu hayaingii.

Kutchi_wa_Makupa

Mama yuko sawa. Kwa desturi majivu yakitoka mahali pa kuchomea hayaingizwi ndani, hata nyumbani kwenyewe watu huyatundika mtini au kuyaacha mahali pa ibada. Mpigieni panda au nyumba ya mahujaji ya jumuiya yenu pale Prayagraj, mwombe wayapokee usiku huo. Njia bora zaidi ni mpange ndege ifike asubuhi, mwende mtoni moja kwa moja, hoteli baadaye.

Ndegeni yakae kwenye mkoba wa mkononi, yasiende na mizigo. Chombo kisiwe cha chuma wala shaba, kwa sababu mashine ya usalama haioni ndani na hamtataka afisa akifungue. Tumieni cha mbao, udongo au plastiki nene, kifungwe vizuri, kizungushiwe kitambaa. Beba cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa maiti, vyote asili na nakala. Shirika la ndege waarifiwe wakati wa kununua tiketi, na Ubalozi wa India waulizwe kama wanataka kutoa barua yao. Ukaguzi Mombasa, Nairobi na Mumbai, kila mahali wewe tangulia, useme kwa sauti ya chini ni nini, kabla mkoba haujaingia mashineni. Mimi kila afisa niliyemwambia hivyo aliinamisha kichwa akatupitisha.

SomaLucknow

Viza ya mtandaoni Wakenya wanapata. Ile ya siku 30 huombwa ndani ya mwezi mmoja kabla ya kufika, si mapema zaidi. Tumieni tovuti ya serikali ya India yenyewe, kuna nyingine za mawakala zinazofanana nayo na kutoza mara kadhaa. Kama mama au binti ana kadi ya OCI, ile ya raia wa nje wenye asili ya India, yeye hahitaji viza.

Chukueni rupia taslimu za noti ndogo. Kila mtu pale hulipwa kwa simu, lakini kwa kawaida mifumo yao inataka akaunti ya benki ya India, na mwenye mashua hana mashine ya kadi.

Mkimaliza mapema, mama akiwa na nguvu, ngomeni kuna mti wa mbaniani mtakatifu unaoitwa Akshayavat, yaani usiokufa. Miaka mingi watu walizuiwa kuufikia kwa sababu ngome ni ya jeshi, ukafunguliwa 2019. Nje ya ngome kuna hekalu la mungu Hanuman aliyelala chali, na mto ukifurika maji humfikia. Karibu na stesheni kuna Khusro Bagh, bustani ya makaburi ya ukoo wa Mfalme Jahangir. Mwana, hapo utapata kivuli na utulivu. Na nunueni mapera. Mapera ya Allahabad, yenye ngozi nyekundu, ndiyo yanaanza kuingia sokoni majira hayo.

NesiTabora

Dawa za mama zigawanye mara mbili, nusu mkobani kwake, nusu kwako. Na maji ya kunywa yawe ya chupa yenye muhuri, hata ya kupigia mswaki.

MwanaKibokoni

Tumeketi leo na daftari. Mama ametaja vizazi vinne bila kusita, na kijiji kiko karibu na Mandvi, kule Kutch. Amemsahihisha hata bintiye jinsi ya kuliandika jina la babu mkubwa. Tumekubaliana katikati ya Novemba, ndege ya asubuhi kutoka Mumbai. Kadi yangu ya homa ya manjano ninayo, mama ana miadi na daktari Alhamisi.

Kutchi, naomba nikuandikie faragha unipe namba ya yule panda wako, atuelekeze kwa wa Mandvi.

Kutchi_wa_Makupa

Niandikie. Nitampigia mimi kwanza, nimuulize kuhusu binti kufanya ibada, ili mkifika liwe limekwisha.